Usonji Haukuanza Jana Nyumbani Mwetu

Mpwa wangu alipokuwa na umri wa miaka minne, alikuwa na desturi ya kunijia nilipoketi na kuniambia, "Unataka maji?" Siku za kwanza nilimjibu kwamba sikuwa na kiu. Alilia hata akajigonga kichwa ukutani. Ilibidi nyanya yake, yaani mama yangu mzazi, ambaye hakupata kukanyaga darasa, anieleze mimi mwenye shahada ya uzamifu katika isimu kwamba mtoto hakuwa akiniuliza. Alikuwa akiomba.

Niliona haya, maana jambo hilo nilikwisha kulisoma. Mnamo mwaka wa 1943, Leo Kanner, daktari wa maradhi ya akili ya watoto mjini Baltimore, Marekani, alichapisha makala kuhusu watoto 11 waliokuwa na hali tunayoiita leo usonji. Aligundua kwamba baadhi yao waliyarudia maneno ya wakubwa kama walivyoyasikia, hata nafsi zisibadilike, mtoto akajiita "wewe." Katika Kiswahili nafsi imo ndani ya kitenzi, na kiambishi kimoja tu ndicho kinachotenganisha "nataka" na "unataka." Lakini hebu tulitazame suala hili kwa jicho la mtoto. Kila mara maji yanapoletwa, hutanguliwa na maneno "Unataka maji?" Basi kwake sentensi hiyo nzima ndiyo jina la tukio. Kwa muda mrefu wataalamu waliyachukulia maneno ya namna hii kuwa mwangwi mtupu. Ni katika mwaka wa 1981 ambapo Barry Prizant na Judith Duchan walionyesha kwamba mwangwi huo una kazi zake: kuomba, kuitikia, hata mtoto kujiongoza mwenyewe.

Mama aliyajuaje hayo? Aliyajua kwa sababu alikuwa na kaka. Mjomba wetu huyo, akiambiwa "Hujambo," alijibu "Hujambo." Aliweza kutaja kila jahazi lililowahi kutia nanga mbele ya kijiji chetu na siku lilipong'oa, lakini hakuweza kustahimili ngoma ya arusi hata kwa dakika moja. Wageni walipokuja alifungiwa chumba cha uani. Waganga waliitwa, jini likatajwa, na hatimaye lawama ikamwangukia mama yake, kwamba alimkosea mzee fulani alipokuwa mja mzito. Shule hakuiona hadi alipofariki. Sina haki ya kumwandikia marehemu cheti cha daktari, kwani hakuna aliyempima. Hata hivyo, mama yangu alipomwona mjukuu wake akipanga vifuniko vya chupa mstari mmoja kutoka mlangoni hadi jikoni, hakushtuka. Aliinua kanga yake, akavipitia kwa juu ili asiuharibu mstari.

Hapa sina budi kuungama kosa langu. Katika kikao cha jamaa nilijitia kueleza kwamba usonji una asili ya urithi. Niliutaja uchunguzi wa Susan Folstein na Michael Rutter uliochapishwa Uingereza mwaka wa 1977: katika jozi 11 za pacha wa kufanana kabisa, jozi 4 wote wawili walikuwa na usonji, ilhali katika jozi 10 za pacha wasiofanana haikupatikana hata moja. Nilidhani ninamwondolea dada yangu lawama. Wakwe zake walisikia jambo jingine. "Kumbe yametoka kwenu!" Dada alirudi nyumbani na mtoto na sanduku moja, akakaa miezi saba.

Laiti ningalieleza kikamilifu! Chembe za urithi zinazohusika ni nyingi, hutoka kwa baba na kwa mama, na nyingine ni mageuko mapya yasiyokuwamo kwa mzazi yeyote. Tena nikumbushe kwamba wasomi nao wana waganga wao. Mwaka wa 1967 Bruno Bettelheim alichapisha kitabu kilichowatupia wazazi lawama, hasa kina mama, ati ubaridi wao ndio uliomfanya mtoto ajifungie, ilhali Bernard Rimland, ambaye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto wa namna hiyo, alikwisha kuipinga fikira hiyo kitabuni mwake mwaka wa 1964. Chumba cha uani na kitabu hicho vinatofautiana wapi?

Nanyi walimu wenzangu, mpwa wangu alipelekwa katika shule moja ambayo sitaitaja. Aliulizwa, "Jina lako nani?" Akajibu, "Jina lako nani?" Katika ripoti yake iliandikwa neno moja: mkaidi. Tangu mwaka wa 1984 nchi hii imekuwa na vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, lakini hakuna aliyetuelekeza huko. Mwalimu wa shule ya pili hakuwa na mafunzo makubwa. Alichora picha za shughuli za siku na kuzibandika ukutani, akamwonya mtoto kabla kengele haijalia, na kila alipomuuliza swali alihesabu kimyakimya hadi kumi kabla ya kulirudia. Pia alijifunza kwa mama yangu kumtamkia mtoto sentensi kwa nafsi ya mtoto mwenyewe: akimpa kikombe, husema "Nataka maji," wala hamuulizi.

Shemeji yangu alikuja kumchukua mkewe na mwanawe. Siku hiyo mama alimketisha barazani akamsimulia habari za kaka yake tangu mwanzo, pamoja na kile chumba cha uani, ambacho sisi watoto wake hatukuwahi kukisikia akikitaja. Alimaliza kwa kumuuliza, "Na wako utamweka wapi, mwanangu?"

Sasa kijana ana miaka kumi na miwili. Kwangu husema "Nataka maji" bila ya kukosea. Akiwa na nyanya yake bado husema "Unataka maji?", naye bibi kizee huinuka akaenda mtungini.