Kadi 100, wageni 300: jinsi ya kupanga chakula cha mahafali Kisii na Nyamira

Kila msimu wa mahafali ukifika, simu yangu haitulii. Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Mombasa, na swali ninaloulizwa ni lile lile: "Mama, tuna watu mia, tupike kilo ngapi?" Kwa shughuli ya hapa kwetu najibu bila kufikiri sana. Lakini siku hizi swali linatoka mbali. Watoto wetu wa Pwani wanapangiwa vyuo kote nchini, na wengi wamefika Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Wengine, kama ndugu yangu, wameolewa huko huko. Basi mzazi anafunga safari ya kilomita zipatazo 800 kutoka Mombasa, na kichwani ana hesabu ya shughuli ya Mji wa Kale. Akifika Kisii au Nyamira, hesabu ile inamsaliti.

Nayasema haya kwa sababu ilitusaliti sisi. Binti wa kwanza wa ndugu yangu alipohitimu, karamu ilifanyika nyumbani kwa wakwe zake, Nyamira. Tulitoa kadi 100, tukapikia watu 120 tukiamini tumejihami. Waliokuja walikuwa karibu 300. Pilau iliisha saa nane mchana, na wazee wa boma, wenye ardhi tuliyosimama juu yake, wakapakuliwa ukoko. Hakuna aliyetusuta kwa maneno. Walikula wakashukuru, na hilo ndilo lililouma zaidi. Juu ya hayo, ndugu yangu alikuwa amekopa shilingi 60,000 kwenye chama ili ile siku ipendeze, na alizilipa kwa miezi 14.

Kijana wake alipohitimu nilimwambia, safari hii tunapanga pamoja na wenyeji. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Hesabu miji, usihesabu kadi

Mjini kadi ni mwaliko. Katika vijiji vya Kisii na Nyamira kadi ni heshima kwa aliye mbali, lakini jirani hahitaji kadi. Mtoto amesomeshwa na wengi: kuna aliyechangia harambee ya karo na kuna aliyemlea mama yake akienda shambani. Hema likisimama, hao wote wamealikwa. Bibi yake kijana alinieleza kwa upole: "Mama, huku hatuulizi nani ameitwa. Tunauliza moshi umeonekana hadi wapi."

Tukaketi naye na kalamu. Ndugu wa mbali na marafiki wa chuo, 70. Sisi Wapwani, 28. Miji ya jirani ilikuwa 24, tukakadiria watu watano kila mji, hao 120. Kwaya na watu wa kanisani, 30. Halafu wale ambao karibu kila kamati huwasahau: wapishi, wachinjaji, madereva, vijana wa mahema na muziki, 22. Jumla 270. Tukaongeza kumi kwa mia, tukapata kama 300. Hesabu hiyo tuliifanya kwa nusu saa. Mara ya kwanza hatukuifanya kwa sababu hatukumwuliza mtu anayejua.

Chagua vyakula vinavyotoka kule kule

Kosa letu jingine la awali lilikuwa kutaka pilau imshibishe kila mtu. Pilau ikiwa ndiyo chakula pekee, mimi hupima kilo moja ya mchele kwa watu saba. Kwa watu 300 hizo ni zaidi ya kilo 42, na nyama yake kiasi hicho hicho. Gharama inapanda, na wazee wengi wa kule wataonja tu kisha waulize ugali uko wapi.

Nchi ya Abagusii ni nchi ya ndizi, viazi na mboga. Ukipika vinavyoota hapo, sufuria inajaa kwa bei nafuu na mwenyeji anakula chakula anachokijua. Kuna obokima, yaani ugali, na ule wa wimbi ndio wenye heshima kwa wazee. Kuna chinsaga na rinagu, ambazo sisi tunaziita saga na managu. Kuna maziwa lala, na kuna matoke.

Kwa watu 300 tulipanga hivi:

Mchele wa pilau kilo 25, na nyama ya ng'ombe kilo 25.
Mbuzi wawili wa mchuzi. Mbuzi wa kadiri hutoa kilo 10 hadi 14 za nyama.
Kuku wa kienyeji 6, kwa meza ya wazee.
Mikungu 5 mikubwa ya ndizi za kupika, na viazi vya kuchanganyia.
Unga wa ngano beli moja, yaani pakiti 12 za kilo mbili. Kilo moja hutoa chapati 10 hadi 12, kwa hiyo beli hutoa kama 260.
Unga wa ugali kilo 12, nusu wimbi na nusu mahindi.
Maharagwe kilo 10.
Saga na managu magunia mawili. Usidanganywe na ukubwa wa gunia, mboga ikiingia motoni hunywea.
Maziwa lala lita 30, na uji wa wimbi.

Ukigawa nyama yote hiyo, kila mtu anapata kama gramu 160 pamoja na mfupa. Si nyingi, lakini hakuna aliyekosa, na hakuna aliyetoka na njaa kwa sababu sahani ilikuwa na vitu vitatu vinne. Kutoka Mombasa tulibeba nazi kavu, bizari ya pilau na tende, basi. Chakula kilichopikwa usikibebe safari ya usiku kucha.

Dini mbili, sufuria zile zile

Wakwe zetu ni Waadventista Wasabato, kama walivyo wengi katika kaunti hizo mbili. Sisi ni Waislamu. Watu hudhani hapo ndipo penye ugomvi, kumbe ndipo palipokuwa rahisi. Nguruwe hawali wala sisi hatuli, na pombe haiingii bomani. Yaliyobaki ni mambo mawili.

La kwanza ni uchinjaji. Kisii mjini kuna Waislamu wa tangu zamani, wakiwemo Wanubi, na nyama ya halali inapatikana. Ya ng'ombe tuliinunua huko. Mbuzi na kuku wa nyumbani alichinja shemeji yetu mmoja tuliyekuja naye, na wenyeji wakaridhia wachinjwe wote hivyo. Usijaribu kuwa na sufuria ya halali na nyingine isiyo ya halali penye watu 300. Miko itachanganyika, na mgeni akishaingiwa na shaka hali tena. Pia mwite afisa wa mifugo aikague nyama kabla haijaingia motoni. Kimeta si hadithi.

La pili ni siku. Jumamosi ni Sabato, na Sabato huanza Ijumaa jua linapotua. Kwa hiyo karamu iliwekwa Jumapili, na kuni, maji na ndizi vyote vilifika Ijumaa kabla ya magharibi. Jumamosi mchana sisi tulikaa Kisii mjini tulikofikia, tukachagua mchele na kusaga viungo. Bomani hatukuwasha moto hadi jua likatua. Bibi hakutuomba tufanye hivyo. Lakini aliliona, na usiku ule aliniletea kigoda jikoni akaketi nami hadi saa sita.

Ujue pia kwamba Waadventista wengi hawanywi kahawa, na wapo wasiokunywa hata chai ingawa wanaichuma kila wiki katika mashamba yao. Uji na maziwa viwe vingi kuliko birika za chai.

Moto wa milimani si moto wa Pwani

Hili wapishi wenzangu walishike. Mji wa Kisii uko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Nyamira vingine vinapita 2,000. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi na maji huchemka kabla ya kufika joto la kule kwetu. Mombasa maji huchemka kwa digrii 100, Kisii ni karibu digrii 94. Unaona mapovu, unadhani moto ni mkali, kumbe nyama haijaiva. Maharagwe yaloweke usiku kucha, na uyape muda zaidi kuliko ulivyozoea. Wali nao utahitaji maji zaidi kidogo, na mfuniko mzito wenye makaa juu.

Mvua nayo. Katika vilima hivyo mvua hupenda kunyesha alasiri, wakati mwingine pamoja na mawe. Weka turubai juu ya jiko kabla ya kuliweka juu ya wageni, na panga kupakua kuanzia saa sita na nusu. Hotuba zikirefuka, zirefuke watu wakiwa wameshakula.

Pilau usiipike yote katika sufuria moja. Tuligawa mchele sufuria mbili, ya pili ikaingia motoni saa moja baada ya ya kwanza. Moja ikiungua, umebakiwa na nyingine. Wageni wa nyuma nao wanakula chakula cha moto.

Na usalama: Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichoiva kisikae bila moto zaidi ya saa mbili, na kikingoja wageni kikae kwenye joto la zaidi ya digrii 60. Wali uliolala ndani ya sufuria iliyofunikwa ndio unaoharibu matumbo ya watu Jumatatu. Saga, ambayo kwa desturi huchemshwa mapema ikalazwa na maziwa ili uchungu upungue, tuliipika Jumamosi usiku, na asubuhi tukaichemsha tena hadi ikatokota kabla ya kuipakua.

Nani ashike upawa

Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri ya karamu anaijua mpakuzi. Chakula cha watu 300 kinaweza kuwaishia watu 180 mkono wa anayepakua ukiwa mpana kwa marafiki zake. Tuliweka njia mbili za kupakulia, na penye nyama akakaa mtu mmoja tu kila njia, mtu mzima asiyeona haya kusema "imetosha". Wazee waliandaliwa kwanza, wakiwa wameketi. Watoto walipewa foleni yao, maana mtoto akichanganywa na wakubwa husukumwa.

Sahani ndizo zilizotupa hesabu. Tulikodi 320. Sahani 150 zilipokuwa zimetoka, nilifunua sufuria. Ingekuwa zimeshuka chini ya nusu, ningepunguza upawa hapo hapo. Zilikuwa nusu na zaidi kidogo. Mwisho wa siku zilikuwa zimetumika sahani 291.

Karamu isimle mhitimu

Michango ilifika shilingi 140,000. Ikifika hapo, kila kamati hupata wazimu: mwingine anataka keki ya ghorofa nne, mwingine kamera ya kuruka angani, mwingine hema la pili la mapambo. Ndugu yangu alianza kuyumba. Nikamkumbusha ile miezi 14.

Tulilipa chakula, kuni, maji, mahema, viti, sahani na ujira wa vijana waliosaidia, ikatoka 108,000. Zilizobaki, 32,000, alikabidhiwa kijana mbele ya wazee, naye akaambiwa ni za nauli na nakala za vyeti akitafuta kazi. Kama alisoma kwa mkopo wa HELB, na wengi wamesoma hivyo, mkopo ule huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, awe amepata kazi au bado. Mtoto anayetoka chuoni akiwa na deni la karo hafai kuongezewa deni la pilau.

Kwa hiyo ukinipigia kuniuliza kilo ngapi, nitakuuliza kwanza: umeketi na bibi wa pale? Mwenyeji ndiye anayejua moshi wake unaonekana hadi wapi. Mkishahesabu pamoja, kilo ni hesabu ya shule tu.

Jioni ile mvua ilinyesha saa kumi kasoro, sufuria zikiwa zimeshaoshwa. Bibi alinifungia mkungu wa ndizi na kilo mbili za wimbi nirudi nazo Mombasa. Na ukoko ulipotolewa, wazee waliuomba wenyewe, kwa raha zao, juu ya chakula walichokwisha kushiba.