Je, Wajua? Fimbo ya Rubani, Kutoka Wajir Hadi Kwenye Kompyuta Yako

Je, wajua kwamba Wajir ilidondoshewa mabomu tarehe 13 Juni 1940, siku tatu tu baada ya Italia kutangaza vita? Zilikuja Caproni Ca.133 tatu, kila moja na injini tatu, zikazikuta uwanjani Hawker Hardy za kikosi cha Rhodesia. Mji mdogo wa Diff uko kaunti hiyo hiyo, Wajir Kusini, mpakani kabisa na Somalia. Kijana wa Diff anayechomeka joistiki kwenye kompyuta ili acheze vita vya ndege hachezi mambo ya ng'ambo.

Je, wajua kwamba kona ya ndege ya kivita ni vitendo viwili? Unailaza fimbo upande unaotaka, kisha unaivuta tumboni. Kulaza hushusha bawa la upande huo. Kuvuta hupandisha pua. Kuiyumbisha pua kushoto na kulia ni kazi ya pedali, na asiye na pedali hutafuta joistiki inayozunguka kwenye kiganja. Wageni wengi husukuma fimbo mbele wakitaka kupanda, na programu ya mchezo hukuruhusu kuigeuza ikutii hivyo. Usiigeuze. Rubani wa kweli huvuta ili apande, na mkono huzoea haraka kuliko unavyodhani.

Lakini si kila ndege ina fimbo. Cessna Caravan, ile ya propela moja ambayo watu wa Kaskazini Mashariki wameizoea, haina fimbo. Ina usukani.

Je, wajua kwamba ndege ya kivita ya Kenya unaweza kuiendesha mezani? Kenya ilianza kupokea F-5 mwaka 1978, na kituo kikuu cha ndege hizo ni Laikipia, Nanyuki. F-5E imo kwenye programu ya DCS World tangu 2016, na humo utaona jinsi wahandisi walivyogawa kazi za vidole. Triga, chini ya kidole cha shahada, ina hatua mbili: ukibonyeza kidogo kamera ya bunduki inaanza kurekodi, ukibonyeza hadi mwisho mizinga miwili ya milimita 20 inafyatuka. Mabomu na makombora yana kitufe chao cha dole gumba, mbali na triga, ili hofu isikufanye urushe kile usichokusudia. Juu kabisa kuna kitufe kidogo cha kusawazisha, kinachopunguza uzito wa fimbo mkononi. Breki ya hewa na flapu ziko mkono wa kushoto, kwenye wenzo wa nguvu ya injini.

Ukigawa vitufe vyako, fuata mpango huo huo. Unachokihitaji wakati adui yuko mgongoni kikae chini ya kidole. Taa, redio na magurudumu viende kwenye kibodi. Hakuna aliyewahi kutunguliwa kwa sababu alichelewa kuwasha taa.

Je, wajua kwamba vidhibiti vya ndege moja viliwahi kugawanywa kwa watu wawili angani? Machi 1941, huko Diredawa, Ethiopia, rubani wa Afrika Kusini John Frost alilazimika kutua kwenye eneo la Waitalia. Mwenzake Bob Kershaw alitua na ndege yake ya kivita, Hurricane, huku risasi zikivuma, kumfuata. Hurricane ina kiti kimoja. Wakapakatana: Frost akashika fimbo na pedali, Kershaw akashughulikia flapu na magurudumu, wakarudi salama. Kershaw alipewa nishani ya DSO.

Fimbo ya Hurricane ilikuwa na kiungo katikati: kwenda mbele na nyuma ilisogea yote, lakini kushoto na kulia ilipinda sehemu ya juu tu. Chumba cha rubani kilikuwa chembamba, magoti yangezuia.

F-16 ya kwanza nayo ilikuwa na fimbo isiyosogea kabisa, ikisoma nguvu ya mkono tu. Marubani hawakuipenda, ikalegezwa kidogo.

Je, wajua kwamba tarehe 1 Agosti 1982, wakati wa jaribio la mapinduzi, marubani wa Nanyuki walilazimishwa kwa mtutu wa bunduki waende kupiga mabomu Nairobi? Mabomu yaliishia kwenye msitu wa Mlima Kenya. Inasimuliwa kwamba walizipindua ndege kwa nguvu hadi aliyekaa nyuma kuwalinda akachanganyikiwa. Bunduki alikuwa nayo, lakini fimbo ilikuwa mikononi mwa rubani.

Je, wajua kwa nini ndege yako inazunguka kama kichaa kila ukiongeza nguvu ya injini? Programu nyingi hugawa vidhibiti zenyewe kila kifaa kinapochomekwa, na mara kwa mara wenzo mmoja hupewa kazi mbili, nguvu ya injini na pedali kwa wakati mmoja. Fungua ukurasa wa vidhibiti, futa kila kitu, kisha gawa upya moja baada ya jingine.

Vumbi nalo lina lake. Joistiki ya bei nafuu husoma mkono kwa vipande vinavyosuguana ndani; vikilika au vikiingia mchanga, ndege hutetemeka hata ukiacha fimbo. Zilizo bora hutumia sumaku, hakuna kinachogusana. Kwa Diff, ongeza hela ununue ya sumaku. Kama huna, panua kidogo ile sehemu ya katikati isiyosikia, asilimia mbili tatu hivi, ndege itulie.

Na kitufe cha kuruka na mwavuli? DCS imekificha makusudi: shikilia Control, bonyeza E mara tatu. Usikihamishie kwenye joistiki.