Kiti Si Aibu

Hapa Kindu mwanamke hupimwa kwa anachobeba: bidoni ya maji ya lita 20 kichwani, gunia la makaa, mpunga wa shambani, mtoto mgongoni, na juu ya hayo yote asilalamike. Msichana anayebeba vizuri husifiwa mtaa mzima. Bibi aliyeshindwa kubeba hutazamwa kama ndoo iliyotoboka. Ndiyo maana wengi wetu tuliovuka miaka sitini, tukiinuka kwenye mkeka, tunajikaza na kumeza maumivu mbele za watu, halafu tukifika chumbani tunayatukana magoti yetu. Jirani yangu wa Mikelenge huuita mguu wake wa kushoto msaliti.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na mguu huo nataka kuutetea.

Tuangalie kwanza kazi ambayo mguu huo umeifanya. Umevuka Lualaba kwenda Alunguli na kurudi, ukishuka kwenye mtumbwi na kukanyaga matope ya ukingoni huku mzigo uko kichwani. Vita vilipoanza mwaka 1998, reli ikaacha kuleta bidhaa, na kuna kipindi hata mashamba yaliyo karibu na mji hayakufikika kwa hofu. Wanaume walisukuma baiskeli zilizosheheni mizigo kati ya Kindu na Kasongo, zaidi ya kilomita 200 za mchanga na matope. Wanawake walipita msituni na watoto wao, wakilala walipokutwa na giza. Mguu wa jirani yangu ulikuwa katika safari hizo. Ungekuwa msaliti, asingefika hapa kuusema vibaya.

Kinachoutokea sasa kinaelezeka. Ndani ya goti ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, tabaka laini linaloteleza ili mfupa usisugue mfupa. Gegedu halina mishipa ya damu, kwa hiyo likishachakaa ni vigumu kujijenga upya. Misuli nayo huanza kupungua baada ya umri wa miaka 30, kwa kadiri ya asilimia 3 hadi 8 katika kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi huongezeka. Kwa mwanamke, hedhi ikikoma homoni ya estrojeni hushuka, na mifupa hupoteza madini yake kwa haraka zaidi. Hakuna uvivu hapo, wala hakuna mchawi. Nalitamka hili wazi kwa sababu nimeona familia zikitafuta mtu wa kumlaumu, na anayelaumiwa mara nyingi ni bibi mwingine mwenye magoti mabovu.

Huko Marekani, Kristin Neff, mtaalamu wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, alichapisha mwaka 2003 maelezo yake juu ya huruma ya mtu kwa nafsi yake. Aliigawa katika sehemu tatu: kusema na nafsi yako kwa upole badala ya kuihukumu; kukumbuka kwamba yanayokupata huwapata binadamu wote; na kuyatazama maumivu yako kama yalivyo, bila kuyaficha wala kuyakuza. Niliposoma hayo niliwaza matanga. Tunapoingia kwa mfiwa tunafanya mambo hayo matatu bila kufundishwa na mtu. Hatumwambii, "Mbona unalia, huoni aibu?" Tunashuka, tunakaa naye, tunamwambia nasi yametupata, tunamwacha alie mpaka atosheke. Huruma hiyo tunayo tele. Ila tunaigawa yote nje, na mwenye nyumba hubaki bila.

Na hapohapo kwenye matanga ndipo nilipoona ukali wetu kwa wazi zaidi. Wamama wazima wanakaa chini kwenye mkeka usiku kucha, miguu imekunjwa, vifundo vimevimba. Kijana analeta kiti cha plastiki. Mama anakikataa: "Weka pale, mwanangu, mimi bado nina nguvu." Asubuhi wanamwinua watu wawili. Kukataa kiti kulikuwa njia yake ya kusema bado yumo katika hesabu ya watu. Lakini hakuna aliyemtoa katika hesabu hiyo. Hofu ilikuwa yake.

Sisi Waislamu, ambao tuko wengi katika mkoa wetu wa Maniema, hatuna hata udhuru wa kuogopa kiti. Imran bin Husayn alipokuwa mgonjwa alimuuliza Mtume jinsi ya kusali, akajibiwa asimame, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Ikiwa katika sala yenyewe mwili umepewa nafasi, sijui ni nani anayeunyima nafasi hiyo jikoni.

Kwa upande wa jiko, mimi nimeanza na sombe. Majani ya muhogo yakishababuliwa motoni yakalainika, nakaa kwenye kigoda, kinu nakibana katikati ya miguu, natumia mchi mfupi. Mchi mrefu wa kusimama, unaopanda juu ya kichwa na kushuka na kiuno, nimemwachia mjukuu. Natwanga mpaka mabega yaseme basi, kisha nampisha amalize. Sombe inachelewa kidogo, na bado nyumba nzima inakula.

Kiti lakini kisigeuke kitanda. Misuli isiyotumika huisha haraka kuliko ile inayochoka. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima, wazee wakiwemo, wapate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na wazee waongeze siku tatu za mazoezi ya kujenga nguvu na kuzuia kuanguka. Kutembea kwenda sokoni kunahesabika. Kuna zoezi jingine la nyumbani: kaa kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, simama bila kushika kitu, keti tena polepole, rudia mpaka mapaja yapate moto. Mapaja yenye nguvu hulipunguzia goti mzigo. Usipoweza bila kushika, shika. Usijitukane.

Nakuja kwenye tansiyo, ambayo ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko magoti. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa siku tofauti na kubaki hapohapo, ni shinikizo la juu la damu. Mara nyingi haliumi popote, na mtu anaweza kuishi nalo miaka bila habari mpaka lilete kiharusi. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja cha chai, ukijumlisha iliyomo kwenye makayabu, yaani samaki wa chumvi, na kwenye kubu za kukolezea mchuzi. Makayabu yalowekwe usiku, maji yabadilishwe. Dawa zikianzishwa huliwa hata siku unayojisikia mzima, na daktari ndiye wa kuzibadilisha. Anayeuona mwili wake kama aibu hachukui njia ya kituo cha afya. Anaogopa kuongezewa lawama. Wakati mwingine lawama kweli ipo. Muuguzi mmoja aliwahi kuniambia, "Mama, huo ni uzee tu," akaita anayefuata. Nilirudi wiki iliyofuata, nikamwomba mwingine anipime.

Katika likelemba yetu ya wamama, yaani mchango wa kupokezana kwa zamu, kabla ya kuhesabu michango, sasa tunasimama na kuketi pamoja, aliye imara akimshika asiye imara. Mwezi huu zamu ya kupokea ni ya mwenzetu mwenye ugonjwa wa sukari. Siku zote fedha yake huishia kwenye ada za shule za wajukuu. Safari hii ametangaza kwamba atatoa kwanza bei ya viatu vya kufunika vidole, maana sukari huua hisia za miguu, mtu akakanyaga msumari asijue, na kidonda chake huchelewa kupona. Aliuliza kama tutamwona mchoyo. Tulimwambia asinunue vya bei rahisi.