Wale Wanaochaguliwa Mwisho

Tarehe 16 mwezi wa 4, mwaka 2000, ekipe za mpira wa Kimarekani zilikuwa zinamaliza kazi ya kuchagua vijana wapya wa mwaka. Majina 198 yalikwisha kusomwa. Jina la 199 lilikuwa la kijana mmoja mwembamba kutoka universite ya Michigan, Tom Brady, na ekipe iliyomchukua ni New England Patriots. Siku ile na siku ya kuamkia yake, ekipe hiyohiyo ilikuwa imekwisha kuchagua vijana wengine sita mbele yake. Yaani hata wale waliomchukua walimpita mara sita.

Brady alicheza miaka 23. Alichukua ubingwa mara 7, na mara 6 kati ya hizo alikuwa na Patriots. Hakuna mchezaji mwingine aliyeshinda Super Bowl, mchezo wa ubingwa wa ligi ile, mara nyingi hivyo.

Wamama wapendwa, wengi wenu mtauliza mambo haya yanatuhusu nini, sisi tunaohangaika na bei ya unga. Na mpira wenyewe si huu wa Mazembe na Lupopo. Balo yao ina umbo la yai, wanaibeba kwa mikono, wanavaa kofia ngumu na kugongana kama mbuzi dume. Hatutaeleza sheria zake, ni nyingi mno. Kinachotuvuta ni ile siku ya kuchagua vijana, kwa sababu kazi hiyo ya kumtazama kijana na kusema "huyu atafaa, huyu hatafaa" tunaifanya sisi pia, darasani na nyumbani, na mara nyingi tunaifanya haraka kuliko wao.

Siku hiyo wanaiita drafti. Kuna ekipe 32 na mizunguko 7. Kila ekipe inachagua kwa zamu, kama zamu za likelemba, lakini kwa tofauti moja: aliyekuwa dhaifu kuliko wote mwaka uliopita ndiye anachagua wa kwanza. Wazo hilo lilitoka kwa Bert Bell, aliyekuwa mwenye ekipe ya Philadelphia Eagles, kwa kuwa matajiri walikuwa wanachukua vijana wote wazuri na maskini wanabaki na makombo. Drafti ya kwanza ilifanyika mwaka 1936. Kijana aliyetajwa wa kwanza kabisa siku ile, Jay Berwanger, hakucheza hata mchezo mmoja katika ligi hiyo. Basi tangu mwanzo kuwa wa kwanza hakukumaanisha lolote la hakika.

Mizunguko ikiisha, wanabaki vijana wengi ambao majina yao hayakusomwa. Hao simu zao zinaanza kulia jioni ileile. Ekipe zinawaita kwa mkataba mdogo, na hapo kuna jambo ambalo watu hawalifikirii: asiyechaguliwa ana haki ya kuchagua mwenyewe aende wapi, na aliyechaguliwa wa mwisho hana. Kiangazi kila ekipe inakusanya wachezaji 90. Mwisho wa mwezi wa 8 lazima wabaki 53. Fanya hesabu: 37 wanatoka katika kila ekipe, mara 32, ni vijana 1,184 wanaoambiwa kwaheri kwa siku chache. Baadhi wanarudishwa katika kikundi cha mazoezi, watu 16 kwa ekipe. Wengine wanarudi kwa mama zao.

Kesho yake ya drafti, magazeti ya Marekani yanatoa alama: ekipe fulani imechagua vizuri, ekipe fulani imeshindwa. Sisi walimu tunacheka kidogo. Ni sawa na kumpa mtoto buletini ya mwisho wa mwaka siku ya kwanza ya masomo, kabla hajafungua daftari.

Lakini tusiwadharau, wanapima kwa bidii. Kila mwaka vijana wanaitwa mji wa Indianapolis. Wanakimbizwa yadi 40, kama mita 36 na nusu, wanaruka juu, wanainua chuma cha kilo 102 mara nyingi wawezavyo. Wanapimwa hata mikono. Brady alitumia sekunde 5.28 kwa zile yadi 40, na hiyo ni pole pole sana. Picha yake akiwa na kaptura bado inazunguka mpaka leo, na watu wanacheka mbavu zake. Walioandika ripoti walisema ukweli: hana nguvu, hana mbio.

Kile ambacho saa haikuonyesha kilikuwa kimekwisha kuonekana tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka uleule. Michigan ilicheza na Alabama. Mara mbili Michigan ilibaki nyuma kwa pointi 14, na mara mbili Brady akairudisha, wakashinda 35 kwa 34. Mbele ya hapo alikuwa ametumikia miaka kwenye benchi ya universite, nyuma ya warushaji wengine, bila kuondoka. Jambo hilo halina mita wala sekunde. Tunaamini waliompita walikuwa na karatasi nyingi sana mbele yao, na karatasi ikiwa nyingi mtu anashika namba kwa kuwa ndiyo rahisi kushika.

Sasa sikilizeni habari ya mtoto wetu. Katika Michigan hiyohiyo, mwaka 1995, Brady alipoingia tu na kukaa mwaka mzima bila kucheza, nyota wa ekipe alikuwa Tim Biakabutuka, Tshimanga kwa jina la nyumbani, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1974 na kukulia Montreal, Kanada. Mwaka ule alikimbia na balo yadi 1,818. Siku ya kucheza na wapinzani wao wakubwa, Ohio State, alikimbia yadi 313 peke yake, karibu mita 286, huku watu wazima wenye kofia ngumu wakitaka kumwangusha. Katika drafti ya mwaka 1996 aliitwa wa 8, na Carolina Panthers.

Wa 8 na wa 199, kutoka shamba moja. Goti la Biakabutuka liliumia msimu wake wa kwanza kabisa. Alirudi, akaumia tena, akarudi tena. Mwaka 2001 kazi yake ya uwanjani ilikwisha. Tusiseme kwamba Carolina walikosea, wala kwamba yeye alishindwa. Walichagua kijana aliyefaa, na goti ni goti. Tunataja habari yake kwa sababu wanaosimulia juu ya Brady wanapenda kuonyesha kwamba waliotangulia walikuwa wavivu au wenye kiburi. Si hivyo.

Turudi kwa Patriots, kwa maana hapa ndipo panatufundisha zaidi. Watu wanasifu ekipe ile kwa kumchagua Brady. Sisi tunaona sifa iko pengine. Mrushaji wao mkubwa alikuwa Drew Bledsoe, aliyechaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 1993. Nyuma yake walikuwa na wengine wawili. Desturi ni kuweka warushaji wawili, au watatu kama una moyo mkubwa. Patriots waliweka wanne mwaka 2000, na Brady alikuwa wa nne. Kati ya zile nafasi 53, ambazo kila moja inapiganiwa, moja walimpa kijana asiyekuwa na kazi. Mwaka mzima alitupa balo mara tatu tu katika michezo ya kweli, na moja tu ilifika. Alikula, alifanya mazoezi, alijifunza daftari la ekipe, akaongeza mwili. Tarehe 23 mwezi wa 9, mwaka 2001, Bledsoe aliumia vibaya. Brady akaingia.

Msimu huo ulifika mpaka mchezo wa mwisho wa ubingwa, wanaouita Super Bowl, tarehe 3 mwezi wa 2, mwaka 2002. Upande mmoja alisimama Brady wa 199. Upande wa pili, kwa St. Louis Rams, alisimama Kurt Warner, ambaye jina lake halikusomwa kabisa mwaka 1994. Warner alijaribiwa na ekipe moja, akaachwa, akafanya kazi usiku ya kupanga bidhaa katika duka la vyakula huko Iowa, akacheza mpira wa ndani ya ukumbi, akaenda kucheza Amsterdam, kisha akarudi na kuwa mchezaji bora wa mwaka 1999. Matokeo yalikuwa 17 kwa 17, sekunde zinaisha. Patriots wakamwita Adam Vinatieri apige balo kwa mguu kutoka yadi 48. Naye alikuwa mmoja wa wale ambao hawakuchaguliwa na ekipe yoyote. Balo ikapita katikati. 20 kwa 17. Vinatieri alistaafu akiwa na pointi 2,673, nyingi kuliko mchezaji yeyote katika historia ya ligi ile.

Waliendelea hivyo. Mwaka 2009, katika mzunguko wa saba, wakamchukua Julian Edelman, wa 232, ambaye hakualikwa hata kule Indianapolis. Alikuwa mrushaji katika universite, wao wakamgeuza kuwa mpokeaji. Mwaka 2019 alikuwa mchezaji bora wa Super Bowl. Malcolm Butler hakuchaguliwa mwaka 2014. Kabla ya hapo alikuwa amefukuzwa chuo kimoja na kufanya kazi katika mkahawa wa kuku. Alifika kwa majaribio ya siku chache. Katika mazoezi ya kujiandaa na mchezo wa ubingwa, wenzake walicheza mbinu fulani, Butler akafungwa. Siku ya mchezo, tarehe 1 mwezi wa 2, mwaka 2015, sekunde chini ya 30 zikiwa zimebaki, Seattle wakaleta mbinu ileile. Aliitambua, akaruka mbele, akaikamata balo mlangoni kabisa mwa ushindi wao. Patriots 28, Seattle 24.

Tunapenda habari hizi, lakini kuna hatari ndani yake. Kwa kila Butler mmoja kuna mamia ambao hamtasikia majina yao. Katika ule mwaka wa 2000 Patriots walichagua vijana kumi, na ukitoka Brady, Patrick Pass wa mzunguko wa saba ni mmoja wa waliodumu miaka na kushangilia ubingwa. Kwa hiyo mtu asije akamwambia mama mwenye kijana mwenye miguu myepesi kwamba Brady alikuwa wa 199, basi na wako auziwe shamba apelekwe Ulaya. Katika drafti, na hata kwa wasiochaguliwa, ekipe ndiyo inamlipa mchezaji. Mtu anayekuja nyumbani kuomba dola za "majaribio" anafanya biashara nyingine. Na katika mpira huu wetu wa miguu, sheria ya FIFA inakataza kumhamisha mchezaji wa chini ya miaka 18 kwenda nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, kama vile wazazi kuhamia huko kwa mambo yasiyo ya mpira. Mama, mwulize huyo bwana juu ya sheria hiyo, na utazame uso wake.

Drafti inayotugusa sana inafanyika mwezi wa 9, mezani kwa nyumba zetu. Shule za msingi za serikali zimekuwa bila minervali tangu 2019, lakini mtoto akipanda juu, pesa zinaanza. Mzazi ana watoto watano na franka za watatu. Anachukua buletini, anasoma: huyu ana 72 kwa mia, huyu 66, huyu 61, huyu 48. Wa 48 abaki, ajifunze kuuza mikate. Na tumeona nyumba ambamo wa 61 ni msichana na wa 48 ni mvulana, na aliyebaki nyumbani si wa 48.

Hatuwezi kuwatolea pesa ambazo hazipo. Lakini buletini ya mtoto wa miaka 12 ni kama zile yadi 40 za Indianapolis. Inasema kweli juu ya siku ile. Haisemi kama mtoto alikaa nyuma kwa kuwa haoni ubao, au kama anatembea saa nzima bila kula. Mkija shuleni, msiishie kuuliza amekuwa wa ngapi. Ulizeni amebadilika nini tangu mwaka ulipoanza, akikosea anafanya nini kesho yake, na mwalimu angemweka darasani mwaka mmoja zaidi kama angekuwa ni yeye anayelipa. Sisi tutajibu. Na vikundi vyenye likelemba vinaweza kutenga zamu moja kwa mtoto wa nne. Kikundi kimoja tunachokijua kilifanya hivyo, kwa ugomvi kidogo, lakini kilifanya.

Wengi mmetuuliza pia juu ya Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi, ambaye mchezo wake ni wa kikapu. Nao wana drafti, ya mizunguko miwili tu. Mwaka 2022, akiwa universite ya Kentucky, Oscar alitajwa mchezaji bora wa universite zote za Marekani. Mwaka 2023 majina 58 yalisomwa, lake halikuwamo. Walisema urefu wake, mita 2.06, hautoshi kwa mtu wa chini ya kikapu, na kwamba harushi kutoka mbali. Indiana Pacers wakampa mkataba wa ngazi mbili, wa yule anayekwenda na kurudi kati ya ekipe kubwa na ekipe yake ndogo. Mwaka 2024 akaenda Utah Jazz, kwa mkataba wa namna ileile. Huko nako kazi yake ilikuwa ileile aliyoifanya Kentucky, kugombania kila balo inayokataa kuingia.