Kuchemka Si Kumenyuka

Neno lisilopata makazi akilini huishia mdomoni. Ndivyo yalivyo maneno ya kemia kwa wanafunzi wengi wa Lodwar na Kakuma, huko Turkana. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan. Baadaye wakaja Wasomali, Wahabeshi, Wakongomani, Warundi na wengineo. Sokoni Kiswahili huwaunganisha. Darasani, sayansi husomeshwa kwa Kiingereza, lugha ambayo kwa wengi wao ni ya tatu au ya nne.

Si kwamba Kiswahili kimepungukiwa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Tuna elementi, kampaundi, kichocheo, na hilo neno kubwa lenyewe: mmenyuko. Hata jina kemia limetokana na Kiarabu, al-kimiya. Na alkali ni al-qali, majivu ya mimea ya nchi za chumvi.

Mmenyuko ni nini basi? Mtu wa pwani akilisikia neno hili hukumbuka kumenya chungwa. Lakini, mpenzi msomaji, chungwa likimenywa ni chungwa lile lile. Katika mmenyuko, vitu vinavyoingia sivyo vinavyotoka. Mafundi wetu wa chokaa walilijua hilo zamani. Jiwe la matumbawe huchomwa katika tanuu, likatoa hewa ya ukaa, ikabaki chokaa. Ukiimwagia maji, hutokota bila moto. Hilo si jiwe tena, wala hulirudishi kwa kulipoza.

Mtoto wa Turkana naye ana tanuu lake. Mti wa mathenge, uliotapakaa kandokando ya mito huko, hukatwa, ukafukiwa kwa udongo na kuchomwa polepole. Kwa kuwa hewa ni chache, mti hauwi majivu: maji na moshi hutoka, ikabaki kaboni, yaani makaa. Makaa hayo yakifika jikoni huungana na oksijeni, yakatoa joto na hewa ya ukaa. Huo ndio mwako. Na jiko likiwashwa ndani ya chumba kilichofungwa, oksijeni ikapungua, hutoka hewa nyingine, kaboni monoksaidi, isiyo rangi wala harufu, nayo huua waliolala. Mwanafunzi aelezwe hivi kwanza, ndipo aandikiwe mlinganyo ubaoni.

Lakini neno linalohitajiwa zaidi huko ni la maji. Lodwar hupata mvua ya karibu milimita 200 tu kwa mwaka, na watu wengi hutegemea visima. Baadhi ya visima vya Turkana vina floraidi kupita kiasi; Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno ya watoto hufanya madoa ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi huharibu mifupa.

Mama husikia kwamba maji mabaya dawa yake ni kuchemshwa. Ni kweli kwa vijidudu, wala asiache. Lakini floraidi haichemki ikaondoka. Maji hupaa kuwa mvuke, yakipoa huwa maji yale yale. Floraidi hubaki sufuriani, na kwa kuwa maji yamepungua, huwa kali zaidi. Kuchemka ni badiliko la hali, si mmenyuko. Asiyepambanua maneno haya mawili hudhani amesafisha, kumbe amekoleza.

Kinachoiondoa floraidi ni kuifungia kazi nyingine. Huko Nakuru yametumika makaa ya mifupa ya ng'ombe kuchuja maji: floraidi hunasa kwenye madini ya mfupa, maji yakapita. Madini ya namna hiyo ndiyo yaliyomo katika meno, na ndiyo sababu floraidi huyashika. Madini ya namna moja, mahali pawili: katika meno yanayokua floraidi ikizidi ni maradhi, chujioni ni tiba.

Kwa hiyo walimu wa kaskazini wasione haya kulitamka somo kwa Kiswahili kabla ya kulikariri kwa Kiingereza cha mtihani. Mtihani hupita, na kisima ni kile kile.