Atafutaye Ufadhili Japani na Amtafute Mwalimu

Vijana wengi wanijiao kuuliza habari za kusoma Japani huanza na swali la fedha, nami siwalaumu, kwa kuwa ada ya mwaka mmoja katika vyuo vikuu vya taifa kwa kawaida ni yeni 535,800, na ada ya kuingilia, ambayo hulipwa mara moja, ni yeni 282,000, na yote hayo ni kabla ya kodi ya nyumba, chakula na nauli. Walakini mimi huwarudisha nyuma hatua moja na kuwauliza: mwalimu wako ni nani? Maana elimu ya juu ya Japani, hususan katika uzamili na uzamivu, imejengwa juu ya maabara, au chumba cha utafiti, kilicho chini ya profesa mmoja, naye ndiye ampokeaye mwanafunzi, ndiye amwongozaye, na aghalabu ndiye ajuaye ni fungu gani la fedha lililo wazi kwa mwaka ule. Hata yule azitafutaye fedha kwanza na mwalimu baadaye hukuta milango mingi imefungwa, si kwa upungufu wa akili yake, bali kwa kuwa hapana mtu wa ndani amjuaye.

Ufadhili mkubwa kupita wote ni wa serikali ya Japani yenyewe, ulioanzishwa mwaka 1954, nao hutolewa na wizara ya elimu ya nchi hiyo, ambayo kwa ufupi huitwa MEXT, ingawa waliosoma huko zamani hata leo huuita Monbusho, jina la wizara hiyo kabla ya mwaka 2001. Aupataye halipi ada ya masomo wala ya kuingilia. Hupewa tiketi ya ndege ya kwenda na ya kurudi. Na kila mwezi hupokea posho ya yeni 117,000 akiwa wa shahada ya kwanza, na kati ya 143,000 na 145,000 akiwa mtafiti au mwanafunzi wa uzamili na uzamivu, viwango ambavyo serikali huweza kuvibadili kwa kadiri ya bajeti ya mwaka.

Njia moja ya kuufikia hupita ubalozini, nayo yataka subira. Tangazo hutoka aghalabu mwezi wa Aprili au karibu yake, na muda wa kupokea maombi ni mfupi. Kisha hufuata mitihani ya maandishi na usaili, na yule apitaye mchujo huo wa mwanzo hupewa hati yenye muhuri wa ubalozi, ambayo hana budi kuipeleka mwenyewe kwa vyuo avitakavyo ili apate barua ya kukubaliwa kwa muda, kabla mwezi wa Agosti haujaisha. Hapa ndipo wengi huanguka, na nimewaona wakianguka kwa masikitiko makubwa, kwa maana Agosti ni mwezi wa joto kali na wa mapumziko ya Obon, wakati ambapo Wajapani hurejea kwao kuwakumbuka wazee wao waliofariki, na maprofesa wengi hawamo ofisini. Basi yule ambaye hakuwahi kumwandikia profesa hata mmoja tangu Januari hujikuta anabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Baada ya hapo majina hupelekwa Tokyo, wizara huamua, na safari huwa Aprili au vuli ya mwaka unaofuata, almuradi tangu kujaza fomu hadi kupanda ndege hupita takriban mwaka mzima, na pengine na nusu yake.

Masharti ya umri na miaka ya shule yasidharauliwe. Mwombaji wa utafiti awe hajafikia miaka 35, na kwa uzamili awe amesoma miaka 16 kwa jumla. Mtanzania au Mganda aliyekaa miaka 7 msingi, 6 sekondari na 3 chuo kikuu huitimiza hesabu hiyo sawasawa, kadhalika Mkenya wa mfumo wa 8-4-4.

Lakini jambo lililo kiini cha maombi yote, ambalo laiti ningepewa ukurasa mzima ningelieleza hilo peke yake, ni mpango wa utafiti. Nimesoma mipango mingi iliyoandikwa kwa Kiingereza safi, yenye kuisifu Japani kwa maendeleo yake na nidhamu ya watu wake, na ndani yake hamna swali hata moja ambalo mtaalamu angeweza kulikalia kitako na kulichunguza. Profesa hasomi sifa za nchi yake. Asoma kama mwombaji ameona jambo kwao, amelipima kwa macho yake, akaona mpaka ambapo ujuzi wake unakwama, na akatambua kwamba maabara ile, si nyingine, ndiyo iwezayo kumvusha. Mathalan, kijana wa Dodoma aliyeshuhudia udongo wa shambani ukichukuliwa na upepo kila kiangazi ana sababu ya dhati ya kukitazama Chuo Kikuu cha Tottori, kilichojengwa katika mkoa wenye matuta makubwa ya mchanga, na ambacho kina kituo cha utafiti wa ardhi kame. Na tabibu ashughulikaye na malaria au kichocho atakuta kwamba Chuo Kikuu cha Nagasaki kina taasisi ya magonjwa ya nchi za joto, na watafiti wake wamekwisha kufanya kazi nchini Kenya kwa miaka mingi. Mtu wa namna hii akimwandikia profesa barua fupi, yenye adabu, inayotaja makala ya profesa huyo aliyoisoma na swali lililombakia baada ya kuisoma, basi barua hiyo itajibiwa, kama si leo, baada ya kukumbushwa kwa upole.

Faida ya barua hiyo haiishii ubalozini, kwani vyuo vikuu navyo vina haki ya kupendekeza majina wizarani moja kwa moja, na katika njia hii neno la profesa lina uzito mkubwa zaidi. Ila mwombaji sharti achague njia moja kwa mwaka, wala asijaribu zote mbili kwa pamoja.

Kwa Waafrika upo pia mpango wa ABE, ambao Shinzo Abe, waziri mkuu wa Japani wakati ule, aliutangaza katika mkutano wa tano wa TICAD, yaani mkutano wa Japani na Afrika juu ya maendeleo, huko Yokohama, mwezi wa Juni 2013, kwa ahadi ya nafasi 1,000 katika miaka mitano, nao umeendelea baada ya hapo. Husimamiwa na JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, ambalo lina ofisi Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Kigali, na ubora wake ni kwamba mwanafunzi husoma uzamili kisha hupata mafunzo ya kazi katika kampuni ya Kijapani. Wenye uzoefu wa kazi wa miaka mitatu au zaidi wautazame vilevile ufadhili wa pamoja wa Japani na Benki ya Dunia, ulioanza mwaka 1987.

Fungu la mwisho ndilo lieleweke kwa hadhari. Japani ina taasisi nyingi za matajiri na jumuiya za hiari ambazo sioni neno liziwezalo isipokuwa wakfu, kwa sababu kila moja hufuata sharti la aliyeiweka, kama wakfu wa pwani yetu ulivyofungwa na maneno ya mwenyewe: nyingine ni kwa Waasia tu, nyingine kwa fani fulani, nyingine kwa wajuao Kijapani. Mojawapo ni wakfu wa Rotary wenye jina la Yoneyama, mwasisi wa klabu ya Rotary ya Tokyo, ambao humpa kila mfadhiliwa mlezi wa kumwangalia, na humtaka ahudhurie mikutano ya klabu kila mwezi. Walakini wakfu hizi, na kadhalika posho ya yeni 48,000 kwa mwezi ya JASSO, shirika la Japani la kuwahudumia wanafunzi, kwa wajilipiao, aghalabu ni za waliokwisha kufika na kusajiliwa. Vivyo hivyo msamaha wa ada, nusu au yote, ambao vyuo vingi huutoa baada ya kupima hali na alama za mwanafunzi. Kwa hiyo simshauri mtu auze shamba la mzazi aende kuzingoja huko, wala asitegemee kibarua, kwa kuwa sheria humruhusu mwanafunzi, akiisha kupata idhini, saa 28 tu kwa wiki wakati wa masomo. Chuo Kikuu cha Ritsumeikan Asia Pacific, kilichoko Beppu, ni afadhali kwa hili, kwani humjulisha mwombaji punguzo lake la ada pamoja na barua ya kukubaliwa, naye hupiga hesabu yake angali kwao.

Na hata aliyepata ufadhili kamili wa serikali, asiondoke mikono mitupu. Posho ya kwanza huchelewa, na wizara yenyewe huwaagiza wageni wake wachukue takriban dola 2,000 za Marekani za kuanzia maisha, jambo ambalo ni vema familia ilijue mapema, siku ile ile barua ifikapo. Na tangu hapo, kila mwezi, mwanafunzi hufika mwenyewe chuoni kutia saini, maana asiyetia saini halipwi posho ya mwezi huo.