Sanduku la Picha Lizungukalo kwa Posta

Kupiga picha si kazi ya mafundi wa mjini peke yao. Wako watu wengi ulimwenguni wapigao picha kwa kuipenda kazi yenyewe, wala hawatafuti fedha kwayo: mwalimu, mkulima, karani, mwuguzi, fundi cherehani. Watu hawa hupiga picha za mambo ya kila siku, kama mtoto aogaye, jirani asukaye ukili, au njia iendayo kisimani. Lakini popote walipo, shida yao ni moja. Picha ikiisha kusafishwa, ni nani atakayeitazama na kuwaambia kweli yake? Jamaa za nyumbani husema, “Nzuri sana,” kwa kuwa wampenda aliyeipiga; naye mpiga picha mwenyewe halioni kosa lake, kwani nyani haoni kundule. Katika habari hizi twataka kueleza njia moja iliyotumiwa Uingereza na Marekani ya kuondoa shida hiyo, yaani chama cha picha ambacho wanachama wake hukutana kwa posta, ili wasomaji wajue jinsi kifanyavyo kazi, na faida iliyomo.

ASILI YA VYAMA HIVI

Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa mbele ya watu wote mwaka 1839. Katika miaka ya kwanza ulikuwa kazi ya taabu na gharama. Tangu mwaka 1851 wapiga picha wengi walitumia kioo kilichopakwa dawa, na kioo hicho kilikuwa hakina budi kutiwa katika kamera na kusafishwa kabla dawa haijakauka. Basi mtu aliyetaka kupiga picha shambani alikwenda na hema ya giza, chupa za dawa, na maji. Kwa hiyo walioipenda kazi hii bila malipo walikuwa wachache, nao walikaa mbalimbali. Mwaka 1853 chama cha wapiga picha kilianzishwa London. Lakini aliyekaa mbali na mji hakuweza kuhudhuria mikutano yake mara kwa mara.

Msaada ulitoka katika posta. Tangu mwaka 1840 mtu wa Uingereza aliweza kupeleka barua nyepesi popote katika nchi yake kwa peni moja, iwe ni karibu au mbali. Katika miaka ya 1850 wapiga picha wa huko walianza kubadilishana picha zao. Mwaka 1861 watu wa New York na miji mingine ya Marekani walianzisha chama chao cha kubadilishana picha. Sheria yake ilikuwa kwamba wanachama wasizidi 20, na kila mmoja awapelekee wenziwe wote picha kila baada ya miezi miwili. Picha zao zilikuwa za namna ya pacha, mbili kwa ubavu katika kadi moja, ambazo mtu akizitazama kwa chombo chake cha vioo huona vitu vimesimama kama vilivyo. Chama kile kilidumu miaka miwili hivi, kikavunjika wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani.

Baadaye kazi yenyewe ikawa rahisi. Mwaka 1871 daktari mmoja Mwingereza, Richard Leach Maddox, alieleza namna ya kutengeneza vioo vyenye dawa iliyokwisha kukauka, ambavyo mtu aliweza kuvichukua safarini na kuvisafisha arudipo nyumbani. Mwaka 1883 posta ya Uingereza ilianza kupokea vifurushi. Mwaka 1888 George Eastman wa Rochester, Marekani, alianza kuuza kamera aliyoiita Kodak, yenye filimu ndefu ya picha 100. Bei yake ilikuwa dola 25, na filimu ikiisha, mwenyewe aliirudisha kamera nzima Rochester pamoja na dola 10, picha zikasafishwa, na kamera ikatiwa filimu mpya. Tena mwaka 1900 ikatoka kamera ndogo ya Brownie kwa bei ya dola moja tu, na kwa Waingereza shilingi 5. Hapo hata mtoto wa shule aliweza kuwa mpiga picha.

JINSI SANDUKU LINAVYOZUNGUKA

Vyama vya posta vilienea Uingereza katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na desturi yao imedumu zaidi ya miaka mia. Utaratibu wao ni huu. Watu kumi na wawili, au kumi na watano hivi, hufanya kundi moja, na mmoja wao huwa mwandishi. Mwandishi huandika majina ya wote kwa utaratibu wa safari: wa kwanza atampelekea wa pili, wa pili wa tatu, hata mwisho wao, ambaye atalirudisha kwa wa kwanza. Kisha hutia picha yake katika sanduku jepesi, na kulipeleka.

Kila mwanachama afikiwapo na sanduku ana kazi tatu. Kwanza, huzitazama picha za wenziwe moja moja, kwa utulivu. Pili, huandika shauri lake juu ya kila picha katika karatasi iliyofungamana nayo, akatia sahihi yake. Tatu, huitoa picha yake ya zamani, ambayo imekwisha kuzunguka kwa wote, pamoja na maneno yote yaliyoandikwa juu yake, na mahali pake hutia picha mpya, akieleza ilipigwa wapi, saa ngapi, kwa kamera gani, na alikusudia kuonyesha nini. Kisha hulifunga sanduku na kulipeleka kwa mwenziwe anayefuata.

Na tufanye hesabu kidogo. Tuseme wanachama ni 12, kila mmoja aruhusiwa kukaa na sanduku siku 3, na safari ya posta kutoka kwa mtu hata mtu ni siku 2. Basi kila mmoja atumia siku 5, na mzunguko mzima ni siku 60. Kwa hiyo sanduku litamfikia kila mtu mara sita kwa mwaka. Kila mara atatazama picha 11 za wenziwe, na yake itarudi na mashauri 11. Lakini mtu mmoja mvivu akilala na sanduku siku 20, wote kumi na mmoja wanamngoja. Ndiyo sababu sheria ya siku ni kali kupita sheria zote za chama, na ajizi nyumba ya njaa.

NAMNA YA KUTOA SHAURI

Sehemu iliyo ngumu katika chama hiki si kupiga picha, bali kusema juu ya picha ya mwingine. Tuseme picha ni ya mwanamke atwangaye mtama mlangoni pa nyumba yake. Mtu mmoja aandika, “Picha haifai.” Wa pili aandika, “Nzuri mno, hongera.” Wa tatu aandika, “Mchi umekatwa na ukingo wa juu, nasi hatuoni nguvu za huyu atwangaye. Kama ungalirudi nyuma hatua mbili, mchi ungalionekana wote. Lakini mwanga uliopiga mkono wake ni mzuri, usiupoteze utakapoipiga tena.” Wa kwanza ameumiza na hakufundisha. Wa pili amefurahisha na hakufundisha. Wa tatu ametaja jambo lionekanalo kwa macho, akaeleza sababu, akaonyesha dawa, na jema hakulificha. Mtu wa namna hiyo ndiye mwanachama wa kweli.

Kadhalika, aliyeshauriwa ana wajibu wake. Shauri si amri. Huenda picha ikawa ya mzee aketiye peke yake pembeni mwa ua mpana, na mwanachama mmoja akasema ua ule mtupu ukatwe, ili mzee aonekane karibu. Mwingine akasema la, utupu ule ndio uonyeshao upweke wake, uachwe kama ulivyo. Wote wawili wametazama vizuri. Hapo mwenye picha hurudi kwenye kusudi lake mwenyewe: Je, nilitaka kuonyesha uso wa mzee, au upweke wake? Akijua hilo atajua shauri la kufuata. Asiyejua alitaka nini, hata mashauri mia hayatamsaidia.

Tena kusema kweli kwa karatasi kuna hatari yake. Mkutanoni, sauti na tabasamu hulainisha neno. Katika barua neno hubaki peke yake, nalo laweza kusomwa kwa ukali usiokusudiwa. Kwa hiyo yafaa kuandika juu ya picha, si juu ya mtu. “Mstari wa bahari umelala upande” ni habari ya picha. “Hujui kushika kamera” ni tusi.

MAKOSA YAONEKANAYO MARA NYINGI

Faida nyingine ya kutazama picha nyingi za wenzako ni kwamba makosa yale yale huonekana tena na tena, hata mtu akajifunza kuyaepuka. Haya ni manne ya yale yatokeayo sana.

Kwanza, kusimama mbali mno. Mpiga picha amwona rafiki yake tu, kwa kuwa moyo wake uko kwake. Lakini kamera haina moyo, nayo huandika ua wote, na rafiki huwa kama punje ya mtama katikati.

Pili, kutotazama nyuma ya mtu. Mti uliosimama mbali nyuma yake huonekana katika picha kana kwamba umeota kichwani.

Tatu, saa mbaya ya jua. Katika nchi zetu jua la saa sita liko utosini. Macho hufunikwa na kivuli cha paji la uso, au cha kofia. Asubuhi na alasiri jua huwa upande, na uso huonekana.

Nne, nyeupe na nyeusi pamoja. Mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe akisimama juani, kamera haiwezi kushika vyote viwili kama jicho lishikavyo. Kanzu ikionekana vema, uso huwa giza tupu. Na uso ukionekana, kanzu huwa kama moto. Dawa yake ni kumweka mtu katika kivuli cheupe, kama ukingoni mwa kivuli cha mwembe au barazani, na kuupimia mwanga uso wake, si nguo. Jambo hili latupasa sisi kulijua zaidi, kwani picha nyingi za jamaa zetu zimepotea nyuso kwa sababu hiyo.

THAMANI YA PICHA ZA KILA SIKU

Labda msomaji atauliza, “Ya nini taabu yote hiyo kwa picha ya kinu na mchi?” Jibu lapatikana katika habari za Sir Benjamin Stone wa Birmingham, aliyekuwa mjumbe wa Bunge la Uingereza. Mwaka 1897 alianzisha chama cha kuwakusanya wapiga picha wasio wa malipo, wapige picha za nyumba za kale, sherehe za vijiji na desturi za watu wa nchi yao, kabla hazijatoweka. Chama kile kilifanya kazi hata mwaka 1910, na picha zaidi ya 4,000 zikawekwa katika nyumba ya makumbusho ya Uingereza, British Museum. Nyingi zilikuwa za mambo ambayo kwa wenyeji yalikuwa ya kawaida kabisa. Leo zasomwa kama vitabu.

Ndivyo ilivyo kila mahali. Lililo la kila siku ndilo lipotealo bila kuagwa. Arusi na sikukuu hupigwa picha, lakini ni nani awekaye picha ya jinsi bibi yake alivyowasha moto, au ya mtumbwi ulivyochongwa? Na picha ya namna hiyo ikiwa imekatwa vibaya au uso ni giza, mjukuu hataweza kuisoma. Kwa hiyo shauri la mwenzako juu ya kosa dogo la leo ni zawadi kwa watu wasiozaliwa bado.

Siku hizi watu wengi wana kamera ndani ya simu zao, na picha hufika mbali kwa dakika moja. Filimu na chumba cha giza ni vya wachache. Lakini wepesi huo haukuondoa shida ya kwanza tuliyoitaja: picha mia hupelekwa, na majibu ni yale yale, “Nzuri sana.” Utaratibu wa sanduku waweza kufanywa bado, wala hautaki mali. Watu watano au sita wa wilaya moja wakubaliane. Kila mmoja achague picha moja tu kwa mwezi, aichapishe katika karatasi, na kuitia katika bahasha kubwa pamoja na daftari la mashauri. Bahasha ipite kwa posta, au kwa mkono wa mtu mwaminifu. Picha moja iliyochaguliwa hutazamwa zaidi ya mia zisizochaguliwa, na neno lililoandikwa kwa kalamu hufikiriwa kwanza.

Atakayeanza asiwatafute mafundi. Na awatafute watu wa namna tatu: wanaopenda kutazama, wasioogopa kusema kweli kwa adabu, na wasiolala na bahasha ya wenzao. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zikikusanywa katika daftari moja, hata aliye mbali kabisa na mji hatakosa mwalimu.